Najua Watapendana, Lakini Nilikesha



Juzi, kabla mkutano wetu haujaanza, mwenzetu mmoja aliyemaliza masomo nyuma yangu aliinama kuangalia kitabu nilichoweka juu ya mkoba. Kwenye jalada kuna picha ya kuchorwa: mwanamke mweusi na mzungu mwenye nywele nyekundu. Akauliza kwa sauti ya kutosha meza nzima: "Yaya, na lisansi yote ile, ungali unasoma mambo ya sheri-sheri?" Watu wakacheka. Mi pia nikacheka, halafu nikageuza kitabu uso chini. Hapo njo nilikosea. Leo nimekuja kukigeuza uso juu.

Kitabu kinaitwa Get a Life, Chloe Brown. Mwandishi ni Talia Hibbert, mwanamke mweusi wa Uingereza, na kilitoka mwaka 2019. Jina lake ni maneno ya mzaha na ukali kidogo, kama mtu anamwambia mwenzake: we Chloe, toka huko ndani, anza kuishi. Ni cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitatu juu ya dada watatu wa familia ya Brown: Chloe, halafu Dani mwaka 2020, halafu Eve mwaka 2021. Kila dada na kitabu chake, kila kitabu na mwanamume wake, na kila mwisho ni wa heri. Hakuna siri. Ukiona jalada umeshajua wataishia wapi. Mi nilijua tangu ukurasa wa kwanza kwamba hawa wawili watapendana, na bado nilikesha nao, umeme umekatika, hadi simu niliyotumia kama taa ikazimika. Swali langu leo ni hilo tu: mtu anakesha kwa sababu gani na jambo analolijua?

Tusidanganyane, vitabu vya namna hii si vigeni kwetu. Wengi tulikua tukikuta Harlequin zilizopoteza jalada chini ya magodoro ya mayaya zetu. Halafu ikaja Adoras, mfululizo ulioanzishwa Abidjan mwaka 1998 na Nouvelles Éditions Ivoiriennes: vitabu vyembamba, vya kumaliza haraka, ambamo wapenzi ni Waafrika wa mjini, wenye kazi zao na majina ambayo ungeweza kuyasikia kanisani. Kwa msichana wa Mangobo au Kabondo ilikuwa habari kubwa kuona mwanamke mweusi, ndani ya kitabu, anatafutwa, anabembelezwa, anaombwa msamaha. Lakini ile miaka tulijifunza pia kuficha. Kitabu cha mapenzi kilisomwa ndani ya kitabu cha jiografia. Hata mzee Zamenga Batukezanga, mmoja wa waandishi waliosomwa sana na watu wa kawaida wa nchi yetu, kuna wasomi waliomchukua kuwa mwandishi mwepesi. Diplome inatufundisha mapema kwamba kinachopendwa na watu wengi lazima kina kasoro.

Haya, tuingie kitabuni.

Chloe ana miaka 31. Anatengeneza saiti za intaneti, kazi anayoifanya akiwa nyumbani, na kuna sababu. Ana fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima na uchovu ambao usingizi hauumalizi. Ukipiga picha ya radio hauonekani, ukipima damu hauonekani. Kwa muda mrefu madaktari walimwangalia kama mtu wa kujisingizia. Mchumba wake akaondoka. Marafiki nao wakapungua mmoja mmoja, juu mtu anayekataa mwaliko kila mara mwishowe haalikwi tena. Amebaki na dada zake wawili, nyanya mmoja mcheshi sana, na wazazi wanaompenda mpaka wanamfungia kama yai kwenye pamba.

Siku moja gari linakosa kumgonga kwa kidogo tu. Akiwa amesimama pale barabarani, moyo unadunda, anajiuliza: ningekufa leo, wangesema nini juu yangu kwenye matanga? Jibu linamwogopesha kuliko gari lenyewe, kwa sababu hakuna cha kusema. Basi anaandika orodha ya mambo ya kufanya ili awe mtu aliyeishi. Kulewa usiku mmoja na kufurahi. Kupanda pikipiki. Kulala kwenye hema porini. Kulala na mwanamume bila ahadi ya kesho. Kuzunguka dunia na mkoba mmoja wa mkononi. Kufanya kitu kibaya. Halafu anahama nyumba kubwa ya wazazi na kupanga fleti peke yake.

Katika hilo jengo kuna Red, yule wa nywele nyekundu. Yeye njo mtunzaji wa jengo: bomba likipasuka anaitwa yeye, mlango ukikwama anaitwa yeye. Usiku anachora picha za rangi, na Chloe anamchungulia kutoka dirishani kwake. Mchana hawapatani. Red anamwona kuwa mtoto wa tajiri mwenye kiburi. Chloe anamwona mtu anayependwa na jengo lote ila yeye hampendi. Mpaka siku Chloe anapanda mti kumwokoa paka, anashindwa kushuka, na Red anamkuta huko juu. Baada ya hapo wanafanya mapatano: yeye atamtengenezea saiti ya kuonyesha picha zake, naye atampandisha pikipiki. Mengine mnayajua.

Mnayajua kweli. Lakini angalieni namna yanavyokuja.

Jambo la kwanza lililonikamata ni ule mti. Katika vitabu vingi vya mapenzi, msichana anapanda mti, anachekesha, anaangukia kifuani mwa bwana, na sura inayofuata anacheza dansi. Hibbert hafanyi hivyo. Mwili wa Chloe unalipa ule mti. Yeye mwenyewe, akiwa bado juu, anajua kwamba deni linamngoja chini. Na ndivyo kitabu chote kinavyokwenda: kila furaha ina bei yake kwenye viungo, na mwandishi anashika daftari kama mama wa soko anayekopesha. Alitembea sana jana? Leo halipi mtu mwingine. Sijasoma vitabu vingi ambamo mwili wa mwanamke unahesabiwa kwa haki namna hiyo. Kwa kawaida mwili wa mwanamke katika kitabu ni wa kutazamwa. Huu unachoka, unauma, unahitaji dawa kwa saa, na katikati ya hayo unatamani.

La pili ni namna ya kusimulia. Sura moja tuko kichwani mwa Chloe, nyingine tuko kichwani mwa Red. Chloe anasimama ghafla na kukunja uso. Yeye anajua ni goti, Red anafikiri anamdharau. Red ananyamaza, yeye anajua ni aibu, Chloe anafikiri ni hasira. Sisi wasomaji tumekaa katikati na kila kitu tunakiona. Wale waliowahi kuhudhuria mazungumzo ya mahari wanamjua yule shangazi aliyekaa pembeni kimya, anayejua upande huu utashuka mpaka wapi na upande ule utapanda mpaka wapi. Anajua watakubaliana. Lakini hawezi kuondoka, kwa sababu utamu uko katika kuona nani atalegea kwanza, na kwa neno gani. Msomaji wa kitabu cha mapenzi ni huyo shangazi.

Hapa njo nafika kwenye neno langu. Watu wanasema mwisho unaojulikana ni udhaifu wa vitabu hivi. Mi nasema katika kitabu hiki ni nguvu yake, tena ni yenyewe inayomruhusu mwandishi kusema ukweli juu ya ugonjwa.

Fikiria wanawake wagonjwa tuliopewa na vitabu vya heshima. Marguerite katika La Dame aux camélias ya Alexandre Dumas mtoto, mwaka 1848: anakohoa, anapendwa, anakufa. Jenny katika Love Story ya Erich Segal, mwaka 1970: anapendwa, anaugua, anakufa. Mgonjwa anaruhusiwa kupendwa kwa sharti moja, afe kabla ya kurasa kuisha ili mwanamume apate kulia vizuri. Ukisoma vitabu vya namna hiyo, kila kikohozi kinakutisha, na hofu inakula nafasi yote. Huna muda wa kujiuliza huyu mwanamke alikuwa anapenda kula nini.

Kwa Chloe hofu hiyo haipo. Jalada limeshatuahidi kwamba hafi na haachwi. Basi macho yanakuwa huru kuangalia mambo madogo, na ugonjwa wa kudumu wote ni mambo madogo. Mtu unamwambia mwenzako lini kwamba leo huwezi? Unasemaje ili asikuhurumie? Yeye atauliza namna gani ili asikuchoshe na maswali? Ukiwa na siku nzuri, unaitumia yote au unaiweka akiba? Red hajui lolote juu ya fibromialjia mwanzoni. Anajifunza kama fundi anavyojifunza mashine mpya, kwa kuangalia na kuuliza, bila kufanya makelele. Na ndivyo anavyomtongoza. Kuna kurasa za kitandani humu ambazo sitaki mama mkwe azikute, tena nawaonya wale wasiopenda mambo hayo, mwandishi hafungi mlango. Lakini hata pale kinachobaki kichwani si uchi. Ni mwanamume anayesimama kuuliza, na kungoja jibu.

Nani kati yetu aliwahi kusomeshwa hilo? Kitabu kinachojulikana sana duniani juu ya mji wetu ni A Bend in the River cha V. S. Naipaul, kilichotoka mwaka 1979. Mji hautajwi jina, lakini mwana-Boyoma anautambua kwa mto wake. Ndani yake kuna Salim, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyetoka pwani ya mashariki, na kuna mapenzi yake na Yvette, bibi wa mzungu mmoja msomi. Yanaishia wapi? Anampiga na kumtemea mate. Ni kitabu kikubwa, sikatai, na kimeandikwa kwa mkono ambao hautetemeki. Ila wakati wa kukijadili tulizungumza utawala, tukazungumza historia, tukamzungumza yule Mkubwa wa nchi. Juu ya Yvette sikumbuki kama tulitumia hata dakika tano. Kumpiga kwake kulichukuliwa kama alama ya jambo lingine, kubwa zaidi. Sisemi Naipaul aandike sheri-sheri. Nasema kama tumekubali kwamba mwisho mbaya ni fikra, tukubali pia kwamba mwisho mzuri unaweza kuwa fikra. Ni mwandishi anayejiuliza: ili hawa wawili wafike salama, kila mmoja inambidi kubadilisha nini?

Sasa niseme kwa nini jambo hili limenigusa, maana bila hilo ningekifunga kitabu na kulala.

Mdogo wangu ni SS. Sina haja ya kuwaeleza hapa Kisangani SS ni nini. Katika nchi yetu karibu mtu mmoja kati ya wanne anabeba AS bila kujua, na wawili wenye AS wakioana, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuzaa mtoto SS. Kuna siku yake ya dunia, tarehe 19 Juni, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Kanisani siku hizi wachumba wanaombwa karatasi ya elektroforezi kabla ya kutangazwa, na ni jambo jema. Lakini sikilizeni vizuri jinsi tunavyozungumza hilo jambo. Tunazungumza SS kama mtoto wa kuepuka. Wale waliokwisha kuzaliwa, waliokua, waliosoma, wenye miaka 20 na 30, wanasikia kila neno.

Mdogo wangu amesikia mengi. Amesikia "huyu hatafika miaka 18", akafika. Amesikia "nani atamwoa", na waliosema walikuwa mashangazi, mbele yake, wakichambua sombe. Wakati kizi inapomshika, kuna watu wanaouliza kama kweli inauma namna hiyo ama anataka tu asifue nguo. SS ina karatasi ya laboratwari. Maumivu hayana karatasi. Pale Chloe na yeye wanafanana kabisa, ijapokuwa magonjwa ni mawili na bahari ni moja kati yao.

Hasomi Kiingereza, basi nilikuwa namsimulia jioni kwa Kiswahili chetu, sura mbili, sura tatu. Tulipofika kwenye orodha alicheka sana. "Pikipiki? Huyu Chloe aje hapa Mangobo, hiyo pointi ataimaliza siku ya kwanza, tena wakiwa watatu juu ya moto." Nikacheka pia. Kwetu moto si ndoto, ni njia ya kwenda sokoni. Halafu akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini mi siwezi." Nyonga yake ya kushoto imeharibika, na mashimo ya barabara zetu mnayajua. Anakwenda kwa miguu, polepole, ama hatoki. Nimeishi naye miaka yote hiyo na nilifikiri anapenda kukaa nyumbani.

Hicho kitabu hakikunifundisha dawa. Kilinifanya niulize swali ambalo sikuwa nimeuliza: orodha yako ingekuwa na nini? Nilifikiri atasema afya. Hakusema. Alisema anataka kuvuka mto kwa pirogi kwenda Lubunga siku ambayo si ya matanga wala ya kumwona mgonjwa, kukaa tu upande wa pili, kula samaki, na kurudi jua likizama. Alisema mengine mawili ambayo hayawahusu.

Kasoro zipo, na nisipozisema mtaniona nimelewa.

Ya kwanza, pesa. Familia ya Chloe ni tajiri. Dawa iko mezani, fleti inalipwa, na hakuna ukurasa ambapo mtu anahesabu noti mbele ya famasi na kurudisha nusu ya vidonge. Kwa sisi, famasi ingekuwa mtu wa tatu katika hayo mapenzi. Adoras nayo ilikuwa na ugonjwa huo: bwana karibu kila mara alikuwa na ofisi yenye baridi ya kizungu na gari safi. Inaonekana mfululizo wa mapenzi unaogopa umaskini kuliko unavyoogopa kifo. Hibbert anajitahidi, maana hapa mwenye pesa ni mwanamke na mwanamume njo fundi wa jengo, na aibu ya Red mbele ya mali ya Chloe imeandikwa vizuri. Bado ningependa kusoma kitabu ambamo wote wawili hawana.

Ya pili, ugomvi wa mwisho. Wapenzi wa vitabu hivi wanaujua: mambo yanakuwa mazuri sana, basi karibu na mwisho lazima yavunjike, ndipo yarudiwe. Red alikuwa zamani na mwanamke tajiri wa London aliyemdharau na kumwumiza. Kovu hilo linamfanya ashuku kwamba kwa Chloe pia yeye ni mstari mmoja tu kwenye orodha. Anasema maneno makali, anaondoka. Sababu ipo, lakini unasikia mkono wa mwandishi ukisukuma mlango. Nilikasirika. Halafu nilimsamehe kwa jambo moja, kwamba amethubutu kumwandika mwanamume aliyeumizwa na mwanamke bila kumchekesha. Hapa kwetu mwanamume wa namna hiyo akisema, baa nzima inacheka. Kaka zetu waliomo humu wanisahihishe kama nasema uongo.

Ya tatu si kasoro, ni jambo nililoliogopa na halikutokea. Niliogopa mapenzi yatamponya. Nilingoja ukurasa ambapo Chloe anaamka, mwili mwepesi, maumivu yamekwisha kwa sababu amepata bwana. Tunaujua ushuhuda wa namna hiyo, tunausikia kila Jumapili. Haukuja. Mwisho wa kitabu Chloe ni mgonjwa sawasawa na mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba hana tena haja ya kuwa mzima ndipo apendwe. Nilipomsimulia mdogo wangu mwisho huo, hakusema kitu. Aliniomba nirudie tu ile sehemu.

Na hapa njo naona faida ya mfululizo. Kitabu kimoja cha mapenzi kinafunga mlango kwenye busu, na we unabaki na mashaka: baada ya miezi sita je? Katika kitabu cha pili hadithi ni ya Dani, msomi anayeandaa shahada ya udaktari, asiyeamini mapenzi ya kudumu, na Zafir, mlinzi wa jengo la iniversite, aliyekuwa zamani mchezaji wa raga na ambaye anapambana na hofu za ndani. Katika cha tatu ni Eve, aliyeshindwa na kila kazi aliyoanza, na Jacob, mwenye nyumba ya wageni, ambaye siku ya kwanza anamgonga na gari. Lakini pembeni unamwona Chloe akipita, ungali mwili ule ule, bwana yule yule yuko. Ni kama kwenda kumtembelea jirani aliyeolewa mwaka jana na kukuta jiko lake linawaka. Huulizi kitu. Umeona.

Basi nirudi kwa mwenzetu wa mkutano. Ndugu, sikukujibu siku ile, na sikasiriki. Ulichouliza nami nilikuwa nawauliza wengine zamani. Jibu langu ni hili. Na lisansi yote ile, nilikuwa najua kueleza ugonjwa, utawala, vita na ukoloni katika kitabu chochote mnachonipa. Sikuwa najua kwamba mdogo wangu anataka kuvuka mto. Kitabu cha sheri-sheri njo kilinifungua mdomo nimuulize. Kama elimu yetu haitupi maswali ya namna hiyo, si kitabu kinachopaswa kuona aibu.

Nawaachia kazi mbili. Kuna watu humu wanaoandika, tunawajua, wengine wanaficha daftari kama tulivyoficha Adoras. Atuandikie mmoja wenu mfululizo wa hapa: dada watatu wa Makiso, au wa Tshopo, au wa Lubunga upande wa pili. Mmoja wao awe SS, na asife. Mwanamume wake asiwe na ofisi ya baridi ya kizungu, awe fundi, mwalimu, mwendesha moto anayejua kupita mashimo polepole. Mwisho mwema tunautaka, msituonee haya. Kazi ya pili ni ya wazazi na mashangazi: mnapochambua sombe, angalieni ni nani amekaa nanyi.

Kitabu kiko kwangu. Wawili wameshaniuliza kama naweza kukiazima. Ndiyo, lakini mngoje kidogo. Tumefika katikati ya Dani, na msikilizaji wangu amesema tusikiazime kile cha kwanza mpaka amalize kukumbushwa sehemu ya paka. Jumamosi, kama hakuna mvua na nyonga imekubali, tunavuka.